Tunaokatwa asilimia 2.75 ya mshahara: je, bado tunahitaji bima ya kibinafsi?

Mkaazi wa Changamwe ameuliza:

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wa wanaoufahamu kwa undani mfumo wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali hapa Kenya, hasa walioko kwenye ofisi za mishahara na walioko hospitalini, kwa kuwa mwisho wa mwezi ujao natakiwa kulipia upya bima ya kibinafsi ya mama yangu na bado sijaamua kama niilipe au niiache.

Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni ya uondoshaji wa mizigo bandarini Mombasa. Mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 120,000, kiasi ambacho jamaa zangu kule Voi wakikisikia huniita tajiri. Kwa viwango vya mwaka 2025, zikishatolewa shilingi 4,320 za NSSF (akiba ya uzeeni), 3,300 za SHIF (mfuko wa bima ya afya ulio chini ya SHA, yaani ile asilimia 2.75), 1,800 za ushuru wa nyumba za bei nafuu na 25,557 za PAYE (kodi ya mapato), ninabakiwa na takriban 85,000 za kulipia kodi ya nyumba, karo ya watoto wawili, nauli, mkopo wa Sacco na chakula. Enzi za NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, nilikuwa nikikatwa 1,700, na hapo ndipo makato yalipokomea hata kwa mkurugenzi anayepokea milioni moja. Tangu SHIF ilipochukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024, mchango wangu umekaribia kuwa maradufu.

Sipingi hata kidogo kwamba mwenye mshahara amchangie asiye nao. Linalonitatiza ni kwamba nikishachangia huko, bado nalipa mara ya pili na ya tatu. Kampuni yetu ina bima ya kikundi inayonihudumia mimi, mke wangu na watoto, ila wazazi hawamo. SHIF nayo humtambua mwenzi wa ndoa na watoto, na mzazi huhesabiwa kuwa kaya yake mwenyewe. Mama alipofanyiwa tathmini ya uwezo wa kifedha alipangiwa mchango uliozidi kidogo kile kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, nao ukatakiwa kulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Niliulipa mimi. Juu yake nilimnunulia bima ya wazee kutoka kampuni ya kibinafsi kwa shilingi 62,000 kwa mwaka, ambayo hulipia kulazwa pekee na ina kikomo cha laki tatu.

Mama ana umri wa miaka 68, ana kisukari na shinikizo la damu, na daktari ametuonya kuhusu figo. Mwaka jana alilazwa katika hospitali ya kibinafsi, bili ikavuka kile kikomo, nasi tukalipa tofauti kwa mkopo wa Sacco pamoja na mchango uliokusanywa kwenye kikundi cha WhatsApp. Nilipoyapitia majina ya waliotuma pesa niliona kwamba karibu wote ni watu wa mshahara kama mimi, na mimi pia nimewahi kuwachangia wao kwa magonjwa ya wazazi wao.

Kwa hiyo nauliza: nikiiacha ile bima ya 62,000 nikamtegemeza mama kwenye SHA pekee, nitakuwa nimemweka hatarini? Na je, iko njia yoyote ya kisheria inayoweza kumpunguzia mtu wa kiwango changu mzigo huu, iwe upande wa kodi au upande wa mchango wenyewe?

Afisa wa Mishahara amejibu:

Nitalijibu swali la pili, maana ndilo linaloniletea foleni ofisini kila mishahara inapotoka. Mchango wa SHIF ni wa lazima, na kuwa na bima ya kibinafsi hakukuondolei wajibu huo. Hata hivyo, hesabu yako imesahau jambo moja. Tangu marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa SHIF huondolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE kukokotolewa. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wako hutozwa asilimia 30, zile 3,300 hukupunguzia kodi kwa shilingi 990, na gharama yake halisi kwako ni 2,310. Ule mchango wa NHIF wa 1,700 nao ulikuwa na nafuu ya asilimia 15, yaani shilingi 255, hivyo ulikugharimu 1,445. Tofauti inayotoka mfukoni mwako kwa sababu ya mageuzi ya afya ni shilingi 865 kwa mwezi.

Sisemi kwamba huumii. Mshahara huohuo mwanzoni mwa mwaka 2023, wakati NSSF ilipokuwa bado shilingi 200 na ushuru wa nyumba haujaanza, ungekuachia takriban 90,000 mkononi. Kwa viwango vya 2025 unapokea kama 5,000 pungufu, na ukizichambua utaona kwamba karibu 2,900 zimekwenda NSSF, ambayo angalau ni akiba yako ya uzeeni, 1,260 zimekwenda kwenye nyumba, na zilizobaki ndizo za afya. Makato haya matatu yalikuja kwa kufuatana, kila moja likiwa na hoja yake nzuri na waziri wake wa kulitetea, na sikumbuki kuona popote serikali ikiyajumlisha yote kwa pamoja ili ijiulize mtu wa kati atabakiwa na nini.

Kuhusu haki ya mfumo wenyewe, viwango vinaonyesha wazi nani amepata nafuu na nani amebebeshwa. Aliyekuwa akipokea 20,000 alikatwa 750 na NHIF, sasa hukatwa 550. Anayepokea 50,000 amepanda kutoka 1,200 hadi 1,375, na mwenye nusu milioni ametoka 1,700 akafika 13,750. Mstari unaowatenganisha unapita karibu na mshahara wa 33,000, na wengi wa walio chini yake hulipa pungufu kuliko zamani. Huo ni mwelekeo ninaouunga mkono, ingawa una kasoro ambayo haizungumzwi sana. Anayepokea 24,000 halipi PAYE yoyote, kwa hiyo ile nafuu ya kodi niliyoitaja haimfikii, asilimia 2.75 yake huibeba yote mwenyewe, ilhali mimi na wewe tunarudishiwa karibu theluthi.

Kwa bima ya mama sina habari njema. Sheria ya kodi ya mapato inampa mlipakodi nafuu ya asilimia 15 ya ada ya bima ya afya, isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi, ila inamtaja mlipaji mwenyewe, mwenzi wake na mtoto wake. Mzazi hayumo. Kama angekuwemo, zile 62,000 zingekurudishia 9,300 kwa mwaka. Ukiniuliza ni kifungu kipi vyama vya wafanyakazi vingepaswa kukipigania bungeni, ningeanza na hicho, kwa sababu wengi wa wanaokuja ofisini kwangu kuomba mshahara wa mapema huwa wanakwenda kulipia wazazi.

Fundi Cherehani, Gikomba amejibu:

Nimesoma hesabu za ndugu yangu afisa na ninakubali kwamba ni sahihi, lakini zote ni za watu wenye hati ya mshahara. Sisi wa juakali tulikuwa tukilipa NHIF shilingi 500 kila mwezi, na mwezi ukiwa mbaya ulikuwa unajua utatafuta mia tano tu. Sasa kila mmoja anatathminiwa kivyake kwa maswali kuhusu nyumba anayoishi, maji anayotumia na mali aliyo nayo, kisha anaambiwa alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Mimi nilipangiwa zaidi ya shilingi elfu kumi. Kazi ya kushona sare za shule huleta pesa Januari, Mei na Agosti, na katikati hapo mtu hana elfu kumi za kuweka mahali ambapo pengine hatapahitaji. Najua serikali ilikuja na mpango wa mkopo wa kulipa pole pole, lakini mkopo ili nipate bima ni deni jingine juu ya madeni ya kitambaa.

Ninalisema hili kwa sababu linawahusu nyinyi wenye mishahara moja kwa moja. Sisi ndio wengi katika nchi hii, na tusipoweza kulipa, mfuko hutegemea wale ambao pesa zao hukatwa kabla hawajaziona. Wengi wa majirani zangu sokoni wamejisajili na hawajalipa shilingi hata moja.

Msimamizi wa Hospitali, Bonde la Ufa amejibu:

Mkaazi wa Changamwe, swali lako la kwanza lina majibu mawili yanayotofautiana, kulingana na ugonjwa na mahali atakapotibiwa mama.

SHA ina mifuko mitatu. Wa afya ya msingi, unaogharamiwa na bajeti ya serikali, hulipia zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, na huko mgonjwa aliyesajiliwa hatakiwi kulipa hata kama hajachangia. SHIF, ambayo ndiyo mnayokatwa, hulipia hospitali, yaani ngazi ya nne hadi ya sita. Mfuko wa tatu ni wa dharura, magonjwa sugu na mahututi, nao huanza kulipa pale kiwango cha SHIF kinapokwisha. Kwa mfano wa saratani, viwango vilivyotangazwa mfumo ulipoanza vilikuwa 400,000 kutoka SHIF na 150,000 kutoka mfuko huo wa tatu, kwa kaya kwa mwaka.

Mama akifika hatua ya kusafishwa damu, jambo ambalo tunaomba lisitokee, kiwango cha SHA ni shilingi 10,650 kwa kila kipindi. Mgonjwa anayesafishwa mara mbili kwa wiki hutumia 21,300 kwa wiki, na kwa mwaka inavuka milioni moja na laki moja. Ile bima yako yenye kikomo cha laki tatu, hata kama masharti yake yangeruhusu huduma hiyo, ingekwisha ndani ya wiki 14. Kwa ugonjwa mrefu wa aina hii SHA ni ngao kubwa kuliko karatasi nyingi za bima zinazouzwa kwa wazee, na ni haki ya mageuzi haya kusifiwa kwa hilo, hata na sisi tunaoilalamikia mamlaka hiyo kila wiki.

Jibu la pili ni kuhusu kulazwa kwa kawaida. Hapo SHA hulipa kiwango maalum kwa siku, ambacho hata katika hospitali ya ngazi ya sita ni shilingi 4,480. Katika hospitali ya umma kiasi hicho kinaweza kutosheleza. Katika hospitali ya kibinafsi ya mjini, kitanda, daktari bingwa, vipimo na dawa vitazidi hapo mara kadhaa, na tofauti ni ya familia. Vivyo hivyo kwa uzazi: 10,000 kwa anayejifungua kwa njia ya kawaida na 30,000 kwa upasuaji ni fedha za kutosha kwetu huku, lakini kwa hospitali nyingi za Nairobi hazifiki nusu ya bili.

Ongeza pia suala la malipo kuchelewa. Hospitali ndogo za kibinafsi, kupitia chama chao cha RUPHA, zilisitisha huduma za SHA mwezi Februari 2025 zikidai malimbikizo, mengine ya tangu enzi za NHIF, na mwezi uliofuata Rais Ruto akaagiza zile zinazodai milioni 10 au chini yake zilipwe. Mtu wa nje huona ni ugomvi wa wafanyabiashara na serikali. Mimi ninayesaini hundi za wauguzi najua kwamba hospitali ikikaa miezi bila kulipwa, mgonjwa anayefuata ataombwa amana mlangoni, na anayeweza kuombwa akatoa ni huyohuyo mwenye mshahara.

Kabla hujaamua, naomba uniambie jambo moja: katika ile bili ya mwaka jana, hospitali iliitoza SHA kwanza ndipo ikaitoza bima ya kibinafsi? Hospitali ikiwa na mkataba na SHA, kiasi cha SHA kwa kila siku kinapaswa kuondolewa kwenye bili, halafu bima yako ikalipa kinachobaki. Hivyo laki tatu hudumu zaidi.

Mkaazi wa Changamwe amejibu:

Nimeitoa bili nikaipitia upya. Hakuna mstari wowote wa SHA. Alilazwa siku 11, na mchango wake ulikuwa umelipwa. Bima ya kibinafsi ndiyo iliyobeba kila kitu hadi ikaisha. Hatukuulizwa, nasi hatukujua kuuliza.

Msimamizi wa Hospitali, Bonde la Ufa amejibu:

Basi hapo ndipo sehemu ya fedha zako ilipopotelea. Hata kama hospitali hiyo ingekuwa ya ngazi ya nne tu, kwa siku 11 punguzo lingekuwa la makumi ya maelfu. Wakati mwingine hospitali huona ni rahisi kuitoza kampuni inayolipa haraka kuliko kungoja SHA. Safari nyingine, siku ya kulazwa yenyewe, hakikisha mama amethibitishwa kwa alama za vidole kwenye mfumo wa SHA na udai ioneshwe kwenye bili ya awali, kwa maana ukingojea siku ya kuruhusiwa ni vigumu kurekebisha. Na usiache mchango wake wa mwaka upite tarehe.

Mwalimu kutoka Tanga amejibu:

Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka. Nimeshangazwa na mambo mawili katika mjadala huu. Kwetu Tanzania, mchango wa mtumishi katika NHIF yetu ni asilimia 6 ya mshahara wa msingi, lakini mwajiri hulipa 3 na mtumishi 3, ilhali nyinyi asilimia 2.75 yote inatoka kwa mfanyakazi na mwajiri hachangii. Pili, mwanachama wa kwetu huruhusiwa kuandikisha wategemezi wanne mbali na mwenza wake, na wazazi wanaweza kuwa miongoni mwao. Mama yangu mzazi anatibiwa kwa kadi hiyo.

Msidhani hata hivyo kwamba huku mambo yote yamenyooka. Mwezi Machi 2024 NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali kubwa za binafsi zilikataa kuwahudumia wanachama kwa madai kwamba bei zilizopangwa hazilipi gharama, na wenye kadi wakajikuta wakilipa taslimu au wakihamia hospitali za serikali.

Mstaafu wa Kakamega amejibu:

Vijana wangu, mimi nilifanya kazi katika wizara tangu kabla ya mwaka 1989, ule mwaka ambao serikali ilianza kuwatoza wagonjwa ada katika hospitali za umma. Niruhusuni niseme kwamba suala hili halikuanza na SHA. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote uliopiganiwa na Charity Ngilu alipokuwa Waziri wa Afya, na Rais Kibaki akakataa kuutia saini, hoja kubwa ikiwa gharama. Mchango wa NHIF ulibaki kuwa shilingi 320 kwa waliolipa cha juu kabisa hadi Aprili 2015, ulipopandishwa kufikia 1,700, na kelele zilizopigwa wakati huo zilifanana sana na hizi za leo.

Kilichobadilika katika miaka hiyo ni mahali wenye mishahara wanapotibiwa. Nilipoanza kazi, karani, mwalimu mkuu na hata hakimu walilazwa katika hospitali ya mkoa, na dawa ikikosekana mkuu wa wilaya alisikia siku hiyohiyo. Waajiri walipoanza kuwanunulia wafanyakazi bima za kibinafsi, watu hao wakahama, na wodi za umma zikaachiwa wale ambao wakilalamika hakuna anayewasikia. Sasa mnarudishwa kuuchangia mfumo mliokwisha kuuhama. Sioni namna mtu atakavyochangia kwa moyo mfuko ambao hautumii, na sioni pia namna hospitali ya umma itakavyotengenezwa bila nyinyi kuitumia na kuidai.

Imani nayo ilipunguzwa mapema mno. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba sheria zilizounda mfumo huu zinakiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo, na kama Mahakama ya Rufaa isingesimamisha uamuzi huo mwezi Septemba, SHIF isingeanza Oktoba. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ikaonyesha kwamba mfumo wa kidijitali wa shilingi bilioni 104.8 unaoiendesha SHA si mali ya serikali. Karani wa Changamwe anayehesabu 865 zake ana haki ya kuuliza habari za hizo bilioni.

Afisa wa Mishahara amejibu:

Mzee, shikamoo, na ahsante kwa kumbukumbu hiyo. Ninaongeza tahadhari moja kwa aliyeuliza. Kampuni nyingi za bima huweka ukomo wa umri kwa mteja mpya. Mama akiwa na miaka 68 na kisukari juu yake, ukiiacha bima hiyo mwaka huu huenda usikubaliwe kuirudia, au ukarudi ukiwekewa muda wa kungoja kabla ya magonjwa aliyo nayo kulipiwa. Waulize kwa maandishi kabla ya kuiacha. Pia umwendee afisa wa rasilimali watu wa kampuni yenu wakati bima ya kikundi inapokaribia kufanywa upya, umuombe wafanyakazi waruhusiwe kuwaongeza wazazi kwa kujilipia wenyewe. Mkiwa thelathini mnaoomba jambo hilo kwa pamoja, kampuni ya bima huwapa bei ambayo wewe peke yako hungeipata.

Mkaazi wa Changamwe amejibu:

Nawashukuru nyote. Nitailipa ile 62,000 kwa mwaka huu mmoja, kwa sababu ya hilo la umri, na kliniki za kila mwezi za mama nazihamishia kituo cha afya cha umma kule Voi, ambako kwa maelezo ya msimamizi hatatakiwa kulipa. Barua kwa kampuni ya bima nimeiandika tayari, na kazini tumeanza kuorodhesha majina ya wanaotaka kuwaongeza wazazi. Mpaka jioni ya leo tumefika 19, na anayeongoza orodha ni meneja wa idara, ambaye sote tulidhani hana shida hizi.

Nina swali moja limebaki kwa msimamizi. Je, ile bili ya mwaka jana inaweza bado kuwasilishwa SHA na hospitali ikaturudishia sehemu yake, au muda umekwisha?

Msimamizi wa Hospitali, Bonde la Ufa amejibu:

Kwa uzoefu wangu, dai ambalo halikufunguliwa kwenye mfumo mgonjwa akiwa bado wodini ni vigumu sana kulifufua. Iandikie hospitali hata hivyo, uambatanishe bili na uthibitisho kwamba mchango ulikuwa hai siku ya kulazwa, na nakala uipeleke ofisi ya SHA ya kaunti. Wakijibu, tuletee jibu hapa, kwa kuwa nina wagonjwa wangu wawili wenye tatizo hilohilo.